Breki ya Nyuma ya Mama

Mwalimu wetu wa hesabu akiburuta kiti chake cha chuma sakafuni, darasa zima huziba masikio. Mimi hucheka peke yangu. Sauti ile ni baiskeli ya mama ikiteremka kutoka mtaani kwetu Gudele, kriii, na harufu ya mandazi moto ikitufuata.

Nilikuwa na miaka minane, mtaalamu wa kila nisichokijua. Asubuhi mama alipeleka mandazi mtaa wa Hai Jalaba: beseni nyuma kwenye keria, mimi mbele yake kwenye bomba la fremu, ananiacha shuleni njiani. Siku moja nikaichunguza rimu ya nyuma. Ilijaa mikwaruzo, kama mtu ameichora kwa msumari. Ya mbele iling'aa hadi nikaona pua yangu. Nikajiuliza, ni mdudu gani huyu anayekula chuma cha nyuma tu?

Mpira wa breki ya nyuma ulikuwa umelika hadi chuma. Basi, na hili msimwambie mjomba, nilichukua akala zake za tairi alipolala, nikakata vipande viwili kwenye visigino, nikavifunga kwa waya. Wiki nzima mjomba alitembea kama mtu anayesukumwa kifuani.

Asubuhi ya kwanza baada ya kuvifunga, kwenye mteremko, breki yangu ilipiga kelele hadi mbwa wakakimbia, kisha kipande kimoja kikaruka. Mama akaburuta miguu chini mpaka ndala zikakatika. Tulisimama ukingoni mwa mfereji, mandazi matano yakiogelea. Nilikuwa nimeukodolea macho mkono wake uliokuwa kwenye breki ya mbele. Haukusogea.

Fundi Opio, Mganda wa pale kona, alichokoa kipande kilichobaki kwa sindano, akatoa vijiwe vitatu.

"Kijana, wewe natengeneza breki ama msasa?"

Akapitisha kucha kwenye rimu. "Kucha ikikwama, chuma inaisha. Ikipasuka, mama yako atauza mandazi kwa miguu." Akailainisha, akafunga mpira mpya, kisha akageukia mbele. "Lakini mama, hii iko mzima kabisa. Mbona hutumii?"

"Ya mbele inarusha mtu."

"Wewe? Na huo uzito?"

Mama alicheka tu, akinipangusa vumbi kichwani. Njia nzima nilimweleza jinsi breki mbili zinavyofanya kazi, maana niliona baiskeli hii inamshinda. Alisema, "Kumbe," kila nilipopumzika.

Sasa baiskeli ni yangu, na kwenye bomba anakaa Keji, mdogo wangu, akiimba vibaya hadi shuleni. Hakuna aliyenifundisha, lakini kwenye mteremko ule mkono wangu wa breki ya mbele hulegea wenyewe.

Juzi Fundi Opio alipitisha kucha kwenye rimu yangu ya nyuma. Ikakwama. Akatazama ya mbele inavyong'aa, akamtazama Keji pale juu ya bomba, akachukua msasa. Safari hii hakuuliza.