Upande wa Kushoto wa Zulia

Ishro Devi Taneja alizaliwa Panipat tarehe 11 Februari 1948, katika mahema ya wakimbizi waliotoka Jhang. Kwa miaka yote aliyofuma mazulia, hakuwahi kuketi upande wa kushoto wa mtambo wa nyumbani kwake. Hakuna aliyemkataza. Mke wa kaka mkubwa hukaa kulia, mke wa mdogo hukaa kushoto. Ndivyo mama mkwe alivyowakalisha mwaka 1979, na baada ya hapo hakuna aliyefikiri kuna jambo la kubadilisha.

Wa kushoto alikuwa Vidya. Alifariki asubuhi ya Mwaka Mpya wa 2012, akiwa amesimama jikoni anasubiri chai ichemke. Moyo ulisimama tu. Ishro ndiye aliyezima jiko. Chai ilikuwa imemwagikia moto, akaifuta, akasuuza kitambaa, akakianika, ndipo akaenda kumwita Harbans, mume wa Vidya.

Kwenye mtambo palibaki zulia la pamba la bluu na nyeupe, limepita nusu kidogo. Lilikuwa pana, la kufumwa na watu wawili. Kila mmoja hupitisha uzi wake kutoka ukingoni hadi katikati, nyuzi zikakutana na kushikana, halafu kila mmoja huchukua uma wake wa chuma wenye meno, ambao mji mzima unauita panja, akaupigilia uzi ukae. Mmoja akipiga hafifu, upande wake hupanda juu na zulia likatoka limepinda kama kofia iliyovaliwa vibaya. Hapo hakuna dawa isipokuwa kufumua.

Kwa siku kumi na tatu nyumba ilikaa kimsiba. Mikeka ilitandikwa sebuleni, wanawake wa mtaa wakaja na vitambaa vyeupe kichwani, wakalia, wakanyamaza, wakaulizana bei ya vitunguu, wakalia tena. Ishro alikaa ukutani amekumbatia magoti yake. Macho yalikuwa makavu. Alijaribu mara moja kumfikiria Vidya makusudi, ili machozi yaje. Kilichomjia ni kile kitambaa cha jikoni.

"Mbona huyu halii?" aliuliza mwanamke mmoja, sauti ya chini lakini si ya chini vya kutosha.

"Atalia nini? Walikuwa hawasemezani."

"Hata mimi na mume wangu hatusemezani. Lakini akifa nitalia. Watu si watanitazama?"

Ishro alisikia yote. Yalimfikia kama maneno ya redio ya jirani.

Ni kweli walikuwa hawasemezani. Mwaka 1988 mfanyabiashara wa Delhi alirudisha zulia lililokuwa limepanda upande wa kushoto kwa upana wa vidole viwili. Alilitandaza sakafuni mbele ya familia nzima. Telu Ram, mume wa Ishro, wakati huo angali hai, akauliza hii ni kazi ya mkono gani. Ishro akajibu kabla mtu hajapumua: "Wangu naujua. Muulizeni huyu." Vidya akavuta mtandio hadi machoni. Hakujitetea. Alitazama viganja vyake kama mtu aliyepewa vitu vya mtu mwingine.

Kesho yake wakarudi kwenye ubao wao wa kukalia mbele ya mtambo. Ishro alipiga uzi mara mbili, kama kawaida yake. Vidya akapiga mara tatu. Na tangu siku hiyo ikawa hivyo kila mstari: Ishro mbili, Vidya tatu. Ishro akimaliza ilimbidi angoje lile pigo la tatu ndipo waanze mstari mwingine. Alilichukulia kuwa tusi. Aliamini Vidya anamwambia kwa chuma yale asiyotaka kumwambia kwa mdomo, na akaapa kwamba hatakuwa wa kwanza kufungua kinywa. Walibaki na maneno ya lazima tu, chumvi imekwisha, gesi imefika, mtoto wa fulani anaolewa. Mapigo matano yalisikika mtaani kwa miaka ishirini na mitatu, na watu walisema nyumba ile ina saa yake.

Siku ya saba ya msiba Harbans alikuja kusimama mlangoni mwa chumba cha mtambo. Alikuwa amenyolewa kichwa na masikio yake yalionekana makubwa.

"Shemeji, msiba ukiisha nalikata."

"Unakata nini?"

"Zulia. Nalikata pale alipoishia. Mtambo nautoa, kijana wa karakana atakuja na mkokoteni."

"Halijaisha."

"Najua halijaisha. Nina macho."

"Mwenye duka anataka zulia, hataki nusu zulia."

"Mwenye duka nimeshampigia, ameelewa." Harbans alisugua kichwa chake kipya. "Mimi kila nikiamka nauona ule ubao. Upande wake umechakaa, umeona? Umechimbika. Sitaki kuuona kila asubuhi. Nitakuja kukosa adabu."

Ishro alitaka kumpinga lakini hakupata sababu. Alitafuta ndani yake kama anayetafuta sindano kwenye kabati lenye giza. Hakuwa na sababu ya kutaka zulia liishe. Alijua tu kwamba hataki likatwe.

Aliyemwokoa kwa muda ni Dalbir, mtembeza wageni. Kila tarehe 14 Januari watu wa Pune na Satara huja kwa mabasi kuwakumbuka wazee wao waliouawa hapa katika vita vya mwaka 1761. Wakishaweka maua kwenye mnara, wanakuwa na nusu siku ya kupoteza kabla ya kununua achari na kurudi. Dalbir huwaleta kuona wafumaji. Alifika na sanduku la maembe ya kusindika mkononi, akatoa pole kwa urefu unaostahili, kisha akakohoa.

"Mama, mwaka huu ni mabasi mawili. Nimeshawaahidi wageni kwamba wataona kina mama wawili kwenye mtambo mmoja."

"Mmoja amekufa, Dalbir."

"Najua, mama. Ndiyo nauliza, hakuna mwingine?"

"Una roho ngumu wewe," Harbans alisema.

"Mimi sina roho, kaka, nina basi la watu hamsini."

Ishro alisema atamweka Bimla, jirani. Harbans akakubali: wageni waje tarehe 14, zulia likatwe tarehe 15. Jambo likaisha hivyo, kwa vikombe vitatu vya chai.

Bimla alikuwa mfumaji wa kweli. Alikuwa amefanya kazi katika viwanda viwili hadi mgongo ulipomkataa. Alikuja siku mbili kabla ya wageni ili wazoeane mikono. Wakafuma mistari kumi. Ishro akainama, akapitisha kidole juu ya ukingo uliofumwa.

"Umepanda."

"Nani? Mimi?"

"Huku kwako. Tazama."

Bimla alitazama. Kweli, upande wa kushoto ulikuwa umeanza kunyanyuka. "Lakini nimepiga kama wewe. Mbili, mbili. Nilikuwa nakusikiliza."

"Basi unapiga hafifu."

"Dada, mimi nimepiga panja tangu Bansi Lal ana nywele." Bansi Lal ni mumewe. "Hakuna aliyewahi kuniambia napiga hafifu. Labda yeye, tena kwa mambo mengine."

Walifumua ile mistari kumi, wakaanza upya. Mara ya pili Bimla alipiga kwa nguvu hadi mbao zikalia, na ukingo ukapanda tena, kidogo kuliko mwanzo. Bimla akajipangusa shingo, akasema ubao huu una jini. Ishro hakucheka. Wakafumua tena, wakakubaliana kwamba siku ya wageni watafuma polepole, na hakuna mgeni atakayekuja na rula.

Siku ya kumi na tatu makuhani walikuja, wakala, wakaondoka. Jioni ileile majirani waliwasha moto wa Lohri, sikukuu ya majira ya baridi, mtaani, wakatupa ufuta na karanga, watoto wakaimba nyumba kwa nyumba. Mlango wa kina Taneja wakauruka, kwa heshima.

Tarehe 14 ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mabasi yalifika taa zikiwaka, saa nne asubuhi. Wageni waliingia kumi kumi, wakiwa bado na alama nyekundu za ibada kwenye vipaji vya uso. Dalbir alisimama kando ya mtambo na kupandisha sauti.

"Ndugu zangu, mji huu umepigwa vita vitatu, na baada ya kila vita watu wamerudi kufuma. Mtambo huu mnaouona una umri wa miaka mia tatu. Uliona majeshi kwa macho yake."

"Mtambo huu," Ishro alisema bila kugeuka, "ulitengenezwa mwaka ambao mume wangu aliacha pombe. Mara ya kwanza."

Wageni walicheka. Dalbir naye akacheka, akasema mama huyu anapenda utani, na akaendelea na majeshi yake.

Wakafuma. Ishro mbili, Bimla mbili. Mistari ilipofika sita, mama mmoja mzee wa Satara, aliyekuwa ameketi chini karibu kabisa kwa sababu ya miguu yake, akauliza: "Mwaka jana nilikuja hapa. Mlikuwa na mlio mwingine. Mmoja wenu alikuwa anapiga mara moja zaidi. Yuko wapi?"

"Amekufa."

"Alikuwa dada yako?"

"Mke wa shemeji yangu."

Yule mama alitikisa kichwa. "Basi ni dada." Akachukua karanga kwenye mkunjo wa sari yake.

Ishro alitazama ukingo wa kushoto. Ulikuwa umepanda. Bimla naye aliuona, akanong'ona, "Dada, naapa kwa watoto wangu, napiga."

"Ondoka hapo," Ishro alisema. "Njoo kulia."

Akainuka mbele ya wageni wote, akapita nyuma ya Bimla, akaketi kushoto. Ubao ulikuwa umechimbika kweli. Nyonga zake hazikulingana na kile kishimo. Kilikuwa cha mtu mwembamba. Akapitisha uzi hadi katikati, akaushikanisha na wa Bimla, akachukua panja ya Vidya, akapiga mara mbili kwa mkono ule ule anaoujua tangu usichana.

Uzi haukukaa. Aliuona umesimama juu ya wenzake, kama kitu kilichowekwa na si kilichofumwa. Akapiga mara ya tatu. Ukashuka. Ukawa sawa na upande wa pili.

Akaweka panja chini. Akalaza kiganja juu ya nyuzi za mtande, zile za urefu zilizonyooshwa mbele yake, na kuzisukuma. Zilibonyea. Akanyoosha mkono hadi zile za kulia, mbele ya Bimla, akazisukuma. Hizo hazikubonyea. Kisha akafumba jicho moja na kutazama kwa urefu wa boriti ya mbali, ile inayoshika ncha zote za mtande. Upande wa kulia ilikuwa imenyooka. Upande wa kushoto ilikuwa imepinda kuja ndani, si sana, unene wa kidole. Kwa unene huo nyuzi zote za kushoto zilikuwa zimelegea. Kutoka kulia usingeweza kuona.

"Kuna nini, mama?" Dalbir aliuliza.

"Hakuna kitu. Waambie habari za majeshi."

Akafuma mbele yao mistari mingine minane akiwa pale pale. Mapigo yakarudi kuwa matano. Yule mama wa Satara akasema, naam, ndio huo mlio.

Wageni walipokwisha kuondoka na Bimla amekwenda kupika, Ishro alimwita Harbans, akamwonyesha boriti. Harbans alipiga magoti, akatazama, akapitisha kidole.

"Hii ni ule mwaka paa lilipovuja," alisema. "Maji yalidondokea upande huu msimu mzima wa mvua. Kaka akasema itakauka."

"Mwaka gani?"

"Themanini na saba."

Zulia lilirudishwa themanini na nane.

"Kwa nini hakusema?" Harbans aliuliza. "Angeniambia mimi. Ningeweka kabari tu."

"Hakujua. Hakuwahi kukaa kulia." Ishro alizungumza kama anayesoma bei kwenye gunia. "Alidhani ni mkono wake. Mimi ndiye niliyemwambia."

Alingoja kitu kimpande kifuani. Hakikupanda. Palikuwa vile vile palivyokuwa siku zote kumi na tatu, bapa, pakavu. Aligundua tu kwamba ameshika panja ya Vidya muda wote huo, na kwamba mpini wake ni mwembamba kuliko wa kwake.

Harbans alikwenda uani, akarudi na nyundo na kipande cha mti wa shisham alichokichonga upesi. "Naikaza sasa hivi. Haichukui muda. Ukitaka umalizie, malizia na Bimla. Sitakata."

"Usiguse."

"Shemeji, si ndiyo hiyo imepinda?"

"Nusu ya chini imekazwa kwa mkono wake. Ukiweka kabari, nusu ya juu itakazwa na kabari. Zitatofautiana."

"Nani ataona?"

"Mimi."

Harbans alisimama na nyundo yake. "Na mimi kila asubuhi nitauona huo ubao."

"Tundika shuka mlangoni."

"Shuka."

"Ile ya maua. Nene. Na sitaki Bimla. Akija atataka kuzungumza."

Harbans akaiweka nyundo dirishani, akaondoka kwenda kutafuta misumari.

Jumatatu, shuka ikiwa imetundikwa, Ishro ataketi kushoto, atapitisha uzi hadi katikati na kupiga mara tatu. Kisha atasogea kulia, atapitisha uzi wa upande huo na kupiga mara mbili. Atarudi kushoto. Itamchukua hadi baada ya Holi, sikukuu ya mwezi Machi, na zulia likitoka, boriti itabadilishwa.