Waliobeba Mawe ya Misheni

Mwanangu, keti nikusimulie siku moja ambayo hata leo hasira yake haijanitoka. Uhuru ulikuwa bado mchanga. Nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi huku vilimani Othaya, na misheni yetu ya Kikatoliki, ile iliyoanzishwa na padri kutoka Hispania enzi za mkoloni, ilikuwa ikisherehekea jubilii yake. Nilichaguliwa kusoma historia ya misheni mbele ya umati, kwenye kipaza sauti. Nilishona gauni jipya, nikajiona mtu.

Historia yenyewe ilitungwa na kamati ya parokia. Ilisema padri yule alifika, akakuta pori tupu, akajenga kanisa la mawe kwa mikono yake. Pori! Pale palikuwa na migomba na viazi vikuu vya ukoo wetu, na moshi wa nyumba za watu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi mgeni wetu ndiye aliyetupa jembe, akatuongezea na mawe.

Waliobeba mawe hayo walikuwa wanawake. Waliyatoa mtoni, wakapanda nayo mlima yakiwa mgongoni, yameshikwa na mukwa, ule ukanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso. Nyanya yangu, Cucu Wamuyu, alikuwa mmoja wao. Ukanda ulimwachia kibonde kwenye paji ambacho kidole kililala ndani yake. Nilipokuwa mdogo nilipenda kukipapasa, nikidhani kila nyanya huzaliwa nacho.

Kanisa lilipokwisha, wenzake wakabatizwa. Yeye akaambiwa hapana, kwa kuwa alikuwa mke wa pili. Akitaka maji ya ubatizo, amwache mumewe kwanza. Amwache, kisha yeye na watoto waende wapi? Akakataa. Tangu hapo hakuruhusiwa kuketi ndani. Jumapili alisimama nje chini ya dirisha, akisikiliza nyimbo zikitoka. Shukrani ya punda ni mateke, mwanangu, lakini punda ana udhuru, yeye ni mnyama.

Basi ikatangazwa kwamba siku ya jubilii, wanawake waliobeba mawe watakaa benchi la mbele. Cucu akafua shuka lake jeupe, akalikausha juu ya ua wa michongoma.

"Nataka kukaa huko ndani mara moja tu kabla nikufe," aliniambia. "Nione hiyo dari inakaa aje."

Tulifika mapema. Alikuwa hajakaa vizuri karibu na wenzake, mwenyekiti wa kamati akatujia. Huyu hakuwa Mzungu, usidhani. Alikuwa mtoto wa kilima chetu hiki hiki, na tai shingoni.

"Mama, hii viti ni ya Wakristo. Wewe uko na jina gani ya ubatizo?"

"Niko na hii," Cucu akasema, akagusa kile kibonde cha paji lake.

"Hiyo si ubatizo. Tafadhali toka, wageni wanakuja."

Nilitaka kummeza mzima mzima. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, na huyu alikuwa akiwafukuza mama zake kwenye nyumba waliyoijenga! Nikamshika Cucu mkono, nikamwambia twende nyumbani, hawa si watu, na hiyo historia yao sitaisoma. Akaunyakua mkono wake. Sijawahi kukemewa vile, si kabla, si baadaye.

"Ati twende? Wewe ukikasirika ndio unakimbia? Ukienda na hasira yako, mawe yangu itabaki na nani? Kaa hapa. Soma. Lakini usisome uwongo."

Akatoka polepole. Nilidhani anaenda kusimama chini ya dirisha lake. Kumbe alipofika mlangoni aliketi kwenye kizingiti, akanyoosha miguu. Mama mmoja aitwaye Maria, aliyekuwa akipanda naye mlima siku zile, akainuka kwenye benchi la mbele, akaenda kuketi kando yake. "Tulibeba pamoja, tutakaa pamoja," akasema, na hakunong'ona. Wengine wakafuata, hadi benchi likabaki tupu na mlango ukajaa miguu ya vikongwe.

Nawe wajua kwetu hakuna arukaye miguu ya mama mzee. Ni mwiko, na mwiko huo una laana yake. Maandamano yakafika na ubani na nyimbo na wageni kutoka Nyeri mjini, yakakwama hapo. Mwenyekiti alikuwa ndani, hawezi kutoka. Alikuwa na Kiingereza na rozari na tai, lakini mwiko huo aliunyonya kwa mama yake, na mguu wake haukuinuka.

"Mama, tafadhali, songesha miguu."

"Miguu imechoka," Cucu akajibu. "Ilipanda mlima sana."

Kwaya ikamaliza wimbo, ikauanza tena. Jua likawachoma wageni. Mwishowe mwenyekiti akainama, akampa Cucu mkono, akamwinua, akamwongoza hadi benchi la mbele watu wote wakitazama, na wenzake wakamfuata nyuma. Cucu hakuitazama altare wala wageni. Aliinua uso, akaitazama dari muda mrefu, na machozi yakamtoka.

Nami nilipofika kwenye yale maneno ya mikono ya padri, nikaiweka karatasi chini, nikawaambia wale akina mama, "Semeni ninyi." Wakasimama mmoja mmoja, kila mmoja akalitaja jina lake. Mwenyekiti alikohoa mpaka akachoka. Sikupewa kipaza sauti tena maishani mwangu.

Usifurahi upesi. Cucu alipofariki wakuu wa misheni walikataa mwili wake uingizwe kanisani, tukamzika kando ya mibuni. Padri ana bamba la shaba ukutani. Wale akina mama hawana hata mstari. Nimezeeka nikiwa na hasira hiyo, na siionei haya.

Mwanangu, ukiambiwa fulani alijenga kwa mikono yake, uliza mawe yalibebwa na nani, na waulize wenyewe wangali hai. Ukikabidhiwa funguo za nyumba iliyoachwa na mkoloni, usiwe bawabu mkali kumshinda yeye. Na ukifukuzwa penye jasho la watu wako, usirudi nyumbani kununa. Kaa pale pale, unyooshe miguu.

Mungu wa mlima Kirinyaga akupe maneno mdomoni na nguvu magotini. Uzao wako ujue majina ya mama zao, na asiwepo wa kuwauliza wametoka wapi. Thaai, mwanangu, amani ikufunike.