Ng'ombe Aliyetazama Ukingoni

Baba mdogo wangu alikuwa mtu wa kero, na wala simsingizii. Hata salamu yake ilikuwa ya kutafuta ugomvi. "Mmerudi?" alituuliza mimi na baba siku lori letu lilipoingia Juba, utadhani tulitumwa chumvi dukani tukakawia miaka ishirini. Yeye vita vilimkuta Juba na vilimwishia Juba. Sisi tulikuwa Kenya. Hilo hakutusamehe, na alihakikisha tunalijua kila alipofungua mdomo.

Mimi nilizaliwa Kitale. Baba alikuwa amekimbilia huko akiwa kijana, akaishia kukamua ng'ombe kwenye shamba la bibi mmoja mzungu. Mtu wa ukoo wa ng'ombe, asiye na hata ukwato mmoja wake mwenyewe, anakamua wa mwingine kila asubuhi! Bibi alipouza shamba akawagawia wafanyakazi vitu vya nyumbani. Wenzake baba walibeba masufuria, mablanketi na viti. Yeye alichagua picha ya rangi za mafuta ambayo hakuna aliyeitaka, picha kuukuu kuliko bibi mwenyewe, fremu yake imeliwa na mchwa. Ilikuwa na ng'ombe watatu mbele ya banda, kondoo kadhaa na kuku wanaochakura. Mama alimkasirikia wiki nzima kwa sababu ya yale mablanketi.

Baba akaitupa ile fremu, akakigongomea kitambaa chenyewe ukutani kwa misumari. Jumapili moja tukitoka kanisani alitusimamisha mbele yake, akatugawia. Kaka yangu mkubwa alipata dume jekundu. Wa pili alipata yule wa kijivu. Mimi nilipewa jike jeupe lenye masikio meusi, pembe moja imeinama kidogo, limegeuza kichwa pembeni kumtazama ndama wake aliyelala kwenye nyasi.

"Msichana unampa ng'ombe?" mama alishangaa. Kwetu msichana huleta ng'ombe siku akiolewa. Hapewi.

"Nimempa," baba alisema. "Na ndama wake."

Nilikuwa na miaka sita. Kuanzia siku hiyo kila Jumapili alinigeuza nikaipa picha mgongo, anisikilize nikimtaja ng'ombe wangu bila kumwona: masikio, pembe, doa la mgongoni, kwato, halafu ndama. Nikikosea narudia. Mafundisho ya kipaimara sikuyajua hivyo.

Amani iliposainiwa, baba aliikunja ile picha ndani ya mkeka, akaifunga kamba, tukaja nayo Juba. Hakufika mbali. Mvua za kwanza tu homa ilimchukua, na mkeka bado haujafunguliwa, kwa sababu alisema ataufungua siku tutakapokuwa na ukuta wetu. Tulipomaliza kumzika niliuacha mkeka nyumbani kwa baba mdogo, nikaomba ruhusa kazini nikaenda Kitale kumchukua mama. Wakati wa kurudi gari lilituharibikia Nesitu, karibu kabisa na Juba, tukakaa siku mbili kando ya barabara tunakula vumbi na mandazi yaliyolala. Kumbe siku hizo hizo baba mdogo alikuwa anamtembeza ng'ombe wangu mjini.

Nilikuwa nafanya kazi mapokezi katika hoteli moja mtaa wa Hai Cinema. Meneja alikuwa Mkenya, mtu wa haraka haraka, shati limepigwa pasi hata kwenye joto lile. Asubuhi niliyorudi kazini nilimkuta baba mdogo ameketi sebuleni kwenye kiti cha wageni, miguu ameinyoosha. Kando yake, imeegemezwa ukutani, ilikuwa ile picha ya ng'ombe ya baba yangu, ndani ya fremu ya dhahabu ya bandia.

"Afadhali umekuja," meneja akaniambia. "Huyu mzee hasikii Kiswahili, na mimi Kiarabu cha Juba kinanishinda. Anauza hii kitu. Muulize ni ya zamani kweli?"

Jamani! Mimi ndiye nitafsiri ng'ombe wangu akiuzwa.

Baba mdogo hakushtuka kuniona. "Mwambie," alisema, "hili dume jekundu ni la kutangulia kundi, tazama kifua. Hilo la kijivu ni tulivu. Hilo jeupe ni la maziwa. Kondoo na kuku nampa bure."

"Anasemaje?" meneja akauliza.

"Anasema ni mwizi," nikajibu.

Halafu nikamgeukia baba mdogo kwa Kiarabu chake. Nikamwambia hao ng'ombe wana wenyewe. Kaka zangu wawili kule Eldoret kama wanataka wa kwao wauzwe, shauri yao. Jike jeupe ni langu, baba alinipa.

Alicheka mpaka wageni wakageuka. "Ya bit, wewe binti, tangu lini msichana akawa na ng'ombe? Alikupa mbele ya nani? Mimi, ndugu yake, nilikuwepo?"

"Ungekuwepo vipi?"

"Ehe! Sema! Ninyi mlikuwa mnakunywa chai ya maziwa Kenya, mimi hapa nazika. Mama yetu nimemzika peke yangu. Leo unakuja na Kiswahili chako kunifundisha mali ya ndugu yangu?"

Hapo aliniuma, na alijua. Nilitaka kumpiga, nakiri. Nikachuchumaa mbele ya picha ili nisimtazame usoni, na ndipo nilipoona. Jike langu lilikuwa limegeuza kichwa vilevile, shingo vilevile. Lakini mbele ya pua yake palikuwa na fremu.

"Ndama wangu yuko wapi?"

"Ndama gani?"

"Ng'ombe wangu ana ndama. Amelala hapa. Umempeleka wapi?"

Kumbe hakuwahi kuiona picha nzima. Alikuwa ameupeleka mkeka kwa seremala wa Hai Jalaba ukiwa umefungwa, akaifuata picha ikiwa tayari imevishwa fremu. Nikaigeuza. Nyuma, upande mmoja, kitambaa kilikuwa kimekatwa kwa wembe, nyuzi bado nyeupe.

Baba mdogo akainama, akaweka kidole kwenye jicho la yule jike, akakivuta polepole kufuata anakotazama, mpaka kikagonga fremu. Mtu aliyekulia zizini hahitaji kuelezwa shingo ya ng'ombe inasema nini. Ng'ombe aliyetengwa na ndama hukataa hata kushusha maziwa, na kwetu mtu anayemtenga makusudi ndama hajasimama hutajwa kwa hilo mpaka wajukuu zake.

"Anamtazama," alisema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Angeweza kuichukua picha akaondoka. Nilimpa nafasi hiyo, nikasogea pembeni. Lakini meneja akatoa pochi, akasema, "Mambo ya ndama mimi sijui, nataka kitu cha ukuta. Anauza ama hauzi?" Baba mdogo akanitazama, akatazama ile pochi, akanyoosha mkono.

"Khalas, imekwisha," akasema.

Mchana huo huo nilikwenda Hai Jalaba. Seremala hakuona kosa lolote. Yeye hununua fremu za vioo kutoka Kampala zikiwa tayari, na chochote unachomletea lazima kiingie humo. "Picha ilizidi, dada," alisema. "Ningefanyaje?" Kile kipande alikuwa amekifungia patasi zake. Nilimtukana kwa lugha tatu nikakifungua mwenyewe. Ndama alikuwepo mzima, pua ameiinua, ana tundu moja dogo la patasi mguuni.

Nilimbandika kwenye chumba nilichopanga, mbele ya kitanda. Ng'ombe naye akatundikwa mapokezini, juu ya kichwa changu. Wageni waliniuliza mbona huyu mweupe anatazama nje ya picha. "Anamtazama ndama wake," nilijibu, nikawapa funguo zao.

Baba mdogo alizoea kuja kunywa chai pale. Hatukusalimiana. Lakini nilimwona: kila siku alichagua kiti kilekile, kile cha kuupa mgongo ukuta wangu. Wakimkalia hicho kiti, alisimama mlangoni mpaka waondoke.

Karibu mwaka ulipita. Siku moja aliacha chai yake nusu, akaja mpaka kwenye meza yangu, macho chini.

"Kile kipande," alisema. "Unacho?"

"Ninacho."

"Ana rangi gani?"

Kwetu hilo si swali dogo. Ukimtajia mtu rangi ya ndama umekubali amjue, umemhesabu miongoni mwa wenye kundi. Alikuwa ananiomba, yule mzee, na aliniomba mimi kama mwenye ng'ombe. Nikafungua daftari la wageni nikaanza kuandika kitu kisichokuwepo. Alisubiri, halafu akaenda zake.

Amekufa sasa. Nilichelewa kufika mazishini, na ndama bado ninaye. Rangi yake sikumwambia.