Jumamosi ya Watu wa Raga

Kila mwaka, Jumamosi moja ya mwezi wa tano, nyumba yetu ya Wembley ilikuwa gizani mchana kweupe. Tangu asubuhi Mama alivuta mapazia ya mbele, akatia komeo, akaegemeza kiti mlangoni, kisha akanihamishia chumba cha nyuma pamoja na vitabu vyangu vya skuli. Hiyo ilikuwa siku ya fainali ya raga, ile raga ya wachezaji kumi na watatu wanayoipenda watu wa kaskazini mwa Uingereza. Mabasi yao yalianza kuingia mapema, na mtaa wetu, ambao haukuwa mbali na uwanja, ukajaa skafu za kila rangi, tarumbeta na watu wanaocheka kwa sauti kubwa.

Siku za mpira wa miguu pia alifunga, lakini siku hizo hata majirani Waingereza walifunga, kwa hiyo sikuona ajabu. Siku ya raga majirani walitoa viti nje wakakaa kuwatazama wapitao. Tuliojificha ni sisi peke yetu.

Baba alifanya kazi kwenye maghala ya uwanja wa ndege, na Jumamosi nyingi alikuwa zamu. Aliwahi kumwambia Mama, "Hawa wa raga hawana ugomvi. Wa timu hii na wa timu ile wanakaa benchi moja."

"Umati hauna mwenyewe," Mama akajibu. "Ukikudhuru utamshitaki nani?"

Sababu yake niliijua vipande vipande. Mama alizaliwa Unguja. Alipokuwa msichana, asubuhi moja watu wengi walipita mlangoni kwao wakipiga kelele, na walipokwisha kupita, mjomba wake hakuonekana tena. Zaidi ya hapo hakunieleza. Alikuwa akisema tu "siku ile walipopita watu," kisha anainuka kwenda kutazama kitu jikoni, hata kama hakuna kitu motoni.

Mimi nami sikuwa nikitulia kule nyuma. Nilisoma mstari mmoja mara nyingi bila kuuelewa. Nikisikia tarumbeta, miguu yangu inatoka yenyewe. Nilitambaa mpaka ukumbini, nikainua kifuniko cha tundu la barua mlangoni, nikatazama magoti, viatu na ncha za skafu zinavyopita. Mama akinikuta hapo, ananivuta kwa kola.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka tisa au kumi hivi. Nilikuwa nimeinama pale pale tunduni wakati nilipoona suruali ya mzee ikisimama mbele ya geti letu, ikayumba, kisha mzee mzima akakaa kwenye kizingiti chetu kama gunia lililotuliwa. Mlango ukagongwa juu ya kichwa changu.

Mama alifika mbio, akaniziba mdomo. "Usifungue," akaninong'oneza.

"Kuna mtu humo?" ilikuwa sauti ya mwanamke. "Samahani jamani, baba yangu amepata kizunguzungu. Naomba maji tu."

Nilimfasiria Mama, kwa sababu Kiingereza chake wakati ule kilikuwa cha dukani. Akaenda jikoni, akarudi. Akapanda ngazi mpaka katikati, akashuka. Nje mzee akaanza kukohoa, kikohozi kikavu cha mtu anayejizuia asisumbue. Mama alisimama akakisikiliza, mkono shingoni.

"Mzee mtu mzima kweli?" akaniuliza.

"Ana nywele nyeupe zote."

"Wako wangapi?"

"Wawili tu. Wengine wanapita."

Akakitoa kile kiti mlangoni, lakini mnyororo akauacha. Kupitia upenyo alimtazama mwanamke, naye mwanamke akamtazama. Alikuwa mnene, amevaa skafu nyekundu na nyeupe, uso umemwiva kwa wasiwasi. Mama akafungua mnyororo, akatoa kiti nje, kisha, kabla mzee hajakikalia, akabadili mawazo. "Mwambie aingie ndani. Hapa atapigwa na upepo."

Tukamweka kwenye kochi. Mama alimpa maji, halafu chai ya tangawizi yenye sukari nyingi, na sahani ya kachori zilizobaki kutoka jana. Mzee alikula ya kwanza kwa adabu na ya pili kwa njaa. Rangi ikamrudi mashavuni. Bintiye akashusha pumzi, akamshika Mama mkono, akasema neno.

"Kasemaje?" Mama akaniuliza.

"Anashukuru. Kakuita mpenzi."

"Mimi? Mpenzi wake tangu lini?"

"Ndivyo wanavyosema kwao, Mama. Hata muuza samaki humwita mtu mpenzi."

Mama akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio, na mabega yake yakatikisika. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka siku ya mechi.

Mechi ilikuwa karibu kuanza. Mzee alijaribu kusimama, magoti yakamkatalia. Bintiye akasema basi, watakaa wote, watatazama kwa televisheni kama mwenye nyumba ataruhusu. Mzee akakasirika.

"Nimepanda basi tangu alfajiri ili tuione mechi," akamwambia. "Mimi siwezi, wewe unaweza. Nenda. Na tiketi yangu mpe huyu mtoto, mwende naye."

Nilifasiri maneno yale harakaharaka, macho yangu yamemganda Mama. Hakunitazama hata kidogo.

"Mwambie ahsante sana. Mtoto wangu haendi kwenye watu."

Mwanamke akaondoka peke yake. Alikuwa akitembea huku akigeuka nyuma. Mimi nikawasha televisheni kwa hasira, nikakaa chini, nikanyanyuka, nikakaa tena. Mzee aliomba kitu kimoja tu: pazia lifunguliwe na dirisha liinuliwe kidogo, apate kuzisikia sauti za watu wenyewe. Mama akasita. Halafu akalivuta pazia. Jua likaingia sebuleni kwetu siku ya fainali kwa mara ya kwanza, likaonyesha vumbi lote juu ya kabati, na Mama akaanza kupangusa, kwa aibu.

Ule mngurumo sijausahau. Kwenye televisheni unaona mtu anakimbia na mpira kwapani, wanaume watatu wanamrukia, anaanguka, anainuka, anausukuma mpira nyuma kwa kisigino, na papo hapo sauti inaingia dirishani na kutikisa vikombe. Kila ilipokuja, Mama aliacha kupangusa. Mzee alimwona. Akaanza kuzungumza naye, nadhani kumtuliza, nami nikawa katikati, nikifasiri huku jicho moja likiwa kwenye mchezo.

Akaeleza uwanja wa kwao ulivyokuwa alipokuwa kijana. Ulikuwa karibu na mgodi wa makaa ya mawe. Wachimbaji waliotoka zamu ya asubuhi hawakupita nyumbani, walikuja moja kwa moja na nyuso zao nyeusi, ukiona macho tu. Viti havikuwapo. Watu walisimama wamebanana hivi kwamba ukiinua mkono kujikuna, huwezi kuushusha tena mpaka mapumziko. Mvua ikinyesha, mvuke unawatoka migongoni kama ng'ombe. Na kwa kuwa watoto hawakuona chochote, baba zao waliwanyanyua na kuwapitisha juu ya vichwa, mkono kwa mkono, mtu asiyemjua hadi mwingine asiyemjua, mpaka chini kabisa penye ukuta wa uwanja. Watoto wakakaa pale wamejipanga.

Mama alikuwa ameshaketi. "Juu ya vichwa vya watu?"

"Juu ya vichwa."

"Na hawakuanguka?"

"Hata mmoja," mzee akasema.

"Muulize," Mama akasema, akakunjakunja kile kitambaa cha vumbi. "Muulize, mechi ikiisha, kila mtoto alirudi kwa mwenyewe?"

Niliona swali la ajabu, lakini nikauliza. Mzee naye aliweka kikombe chini, akamgeukia Mama. "Kila mmoja. Mara moja nilirudishiwa mtoto asiye wangu. Tulipiga kelele tu, na kidogo kidogo wangu akaletwa juu kwa juu, nami nikampeleka yule wa mwenzangu. Hata kofia yake hakupoteza."

Mama alikwenda kumwongezea chai, akakaa jikoni muda mrefu kuliko chai inavyohitaji.

Mechi ikaisha, barabara ikafurika. Tukamsubiri binti. Watu wakapita, wakapita, wengine wanaimba, wengine vichwa chini. Mzee akaanza kutazama saa, kwa sababu basi lao lilikuwa na muda wake wa kuondoka na dereva hakuwa mtu wa kungoja. Alisimama, akaketi, akasimama. Mama alikuwa dirishani, anahama upande huu na ule, anatafuta skafu nyekundu na nyeupe katika maelfu ya skafu nyekundu na nyeupe.

"Amesahau nyumba," akasema. "Nyumba zote za hapa sura moja."

Akatoka mpaka getini. Akarudi. Akatoka tena, mara hii akiwa amejifunga mtandio vizuri, na akanipa mkono. "Twende. Wewe ndiye una macho." Akamwacha mgeni asiyemjua jina ndani ya nyumba, mlango wazi.

Alinibana vidole mpaka vikafa ganzi. Hatua chache tu kutoka getini watu walitumeza. Ilikuwa joto, harufu ya bia na sigara na sufu iliyolowa, na mimi, niliyekuwa nikiyaota haya kwa miaka, sikuona ila mikanda na vifungo vya makoti. Mama alikuwa akisoma dua kwa sauti. Hakusimama hata mara moja.

Mwanamume mmoja mrefu aliinama akaniuliza kama tumepotea. Nikamwambia tunamtafuta mwanamke fulani, baba yake yuko kwetu. "Hebu panda uangalie," akasema, na kabla Mama hajaelewa, nilikuwa mabegani mwake.

Mama alipiga ukelele. "Mrudishe! Mrudishe mwanangu!" Watu wakageuka. Yule bwana alisimama palepale kama mti, hakuthubutu kusogea. Mama alikuwa amenishika kifundo cha mguu kwa mikono yote miwili.

"Mama, namwona!" nikapiga kelele. "Yule kule! Yuko juu ya ukuta wa nyumba ya pembeni, mtaa wa pili!" Kweli, alikuwa amepanda ukuta mfupi wa bustani ya watu, mwili wake wote ule, amejishika na nguzo ya taa, anatazama huku na huku kama sisi. Nikampungia. Akaniona, akapunga mikono yote miwili, nusura aanguke.

Nikateremshwa. Yule mrefu aliniweka mbele ya Mama taratibu, akavua kofia yake, akamwomba radhi. Mama alimtazama, kifua kikipanda na kushuka. "Ahsante," akamwambia kwa Kiswahili. Akawa ameshasahau Kiingereza chote.

Basi waliliwahi. Mwaka uliofuata wakaja tena, ingawa timu yao haikufika fainali. Wale watu huja hata kama timu yao imetolewa, ndiyo maana rangi ni nyingi. Walileta keki. Wakaja mwaka mwingine. Mzee alipofariki, bintiye alikuja peke yake, akakaa kwenye kochi lile na kulia kidogo, Mama amemshika mkono.

Halafu uwanja wa zamani ulivunjwa, na kwa miaka kadhaa fainali ikachezwa miji mingine. Nilidhani Mama atafurahi. Jumamosi hizo alizunguka nyumba nzima, akifungua madirisha, akauliza, "Leo kimya hiki cha nini?" Uwanja mpya ulipokamilika na tarumbeta zikarudi, alikuwa wa kwanza kutoa kiti chake nje.

Sasa Baba hayupo, nyumba ya Wembley tumeiuza, na Mama anaishi nami Harrow, si mbali na pale. Fainali imehamishwa mwezi, watu wamepungua, na nusu yao wanatembea huku wakitazama simu. Hata hivyo siku hiyo ikifika siwezi kukaa ndani. Nachukua treni, nashuka pale, natembea kinyume na watu wanaokwenda uwanjani, nagongwa mabega, narudi nao, kisha narudi nyumbani bila hata kuingia. Binti yangu hunijibu kwa Kiingereza kila nimwambialo kwa Kiswahili. Mwaka huu aliniuliza kwa nini naenda wakati hata sheria za mchezo sizijui. Nilimwambia sijui. Akasema hilo si jibu.

Majuzi yule mwanamke, binti wa mzee, alinipigia simu kutoka kwao. Yeye mwenyewe sasa ni bibi mwenye fimbo. Klabu yake inakusanya kumbukumbu za mashabiki wa zamani, akaniomba nami nieleze yangu. Kijana mmoja wa klabu, aliyekuwa ameketi naye, akanirekodi kupitia simu hiyo hiyo. Nilishindwa kusimulia nimeketi, nikawa natembea kutoka jikoni hadi sebuleni, na mara mbili akaniomba nisimame kwa sababu sauti inapotea. Nilipomaliza alishukuru, kisha akauliza mechi yenyewe ilikuwa ipi na nani alishinda.

Nikamgeukia Mama, aliyekuwa akichambua mchele mezani. "Mama, siku ile nani alishinda?"

"Siku ipi?"

"Ya yule mzee. Siku ya kwanza."

Akaendelea kuchambua, akawaza. "Filimbi ilipopigwa alifuta machozi," akasema. "Sikumuuliza kama ni ya furaha au ya msiba. Nilikuwa namtazamia binti yake." Akatoa kijiwe kimoja, akakiweka pembeni ya sinia. "Mwambie huyo kijana aangalie mwenyewe. Wao wana vitabu."

Na kabla sijamfikishia jibu hilo, akaniomba simu, azungumze na mwenzake, yule mwenye fimbo, habari za magoti.