Niangalie Nyuma

Wifi yangu ni fundi cherehani, na sijawahi kumwona akikaa kitini akatulia. Anashona, anainuka, anaenda dirishani, anarudi, anapiga pasi kola iliyokwisha kupigwa pasi. Kaka yangu, mumewe, husema yeye alioa upepo. Lakini mwaka jana lilikuja hangaiko la aina nyingine, na mimi ninayekata vitambaa kwenye meza iliyo nyuma yake likaanza kunikera.

Kila alipoinuka alinigeuzia mgongo na kuninong'oneza, "Wifi, niangalie nyuma."

Kila mwanamke anajua maana ya maneno hayo. Ni ya wasichana wa shule, na ya sisi ambao bado tunaona siku zetu. Yeye hedhi ilikuwa imemkoma zamani, na ilipokoma alitugawia pedi zilizobaki kama anayegawa urithi. Sasa alikuwa havai sketi isiyo nyeusi. Kiti chake amekifunika kitambaa cha kahawia, tena amekitia pindo nadhifu. Ndivyo walivyo mafundi. Kitu kikichanika wanatia kiraka, kikichafuka wanakifunika, na wifi alifikiri mwili nao ni nguo.

"Ujana umenirudia," alisema nilipombana. "Una wivu?"

"Ujana gani unakuja na matone, unaondoka, unarudi?"

"Ni matone tu, wala hayaumi. Kisichouma ni ugonjwa gani?"

Nilikasirika hadi nikakata shingo ya gauni la mteja ikawa pana kupita kiasi. Nilikuwa naogopa, na mimi nikiogopa huwa nagomba. Mama wa rafiki yangu alisema maneno hayohayo, na tulimzika.

Siku moja akaja muuguzi kupunguziwa sare yake ya kazi. Wifi alikuwa amepiga magoti, pini mdomoni, anabana pindo. Mimi sina kifua cha kuweka siri.

"Dada," nikamuuliza muuguzi, "mwanamke aliyekoma hedhi akiona damu tena, ni ujana huo?"

Wifi nusura ameze pini.

Muuguzi hakucheka. Alimtazama wifi, akakitazama kitambaa cha kahawia, akavuta stuli akakaa na pini zake zote pindoni.

"Hedhi ikishakoma mwaka mzima," alisema taratibu, "damu yoyote inayokuja baadaye inatakiwa ionwe na daktari. Hata tone, hata mara moja, hata kama hakuna maumivu. Mara nyingi huwa si jambo kubwa. Lakini saratani ya mji wa mimba nayo huanza hivyohivyo, na ikiwahiwa hutibika. Usingoje mpaka iume."

"Nitaanzaje kumvulia nguo daktari wa umri wa mwanangu?" wifi akauliza, macho yakiwa sakafuni.

"Omba daktari mwanamke. Na huyu mwenye mdomo aingie nawe."

Tulikwenda kesho yake, kabla hajapata kisingizio. Daktari, mama mtu mzima mwenye mikono ya joto, alimweleza kila jambo kabla ya kulifanya. Picha ya tumbo ilionyesha ukuta wa mji wa mimba umenenepa, daktari akachukua kipande kidogo cha nyama kikapimwe. Hapo wifi aliumia, akanifinya mkono mpaka kucha zikaniacha alama. Sikuthubutu kulalamika.

Kungoja majibu kulituvuruga wote. Wifi alishona mkono wa kulia wa shati upande wa kushoto, akaufumua, akaushona vilevile. Kaka alikuwa akipita dukani kwetu kila saa na kujifanya anatafuta mkasi. Mimi niligombana na kila mteja.

Ilikuwa saratani. Changa, haijatoka nje ya mji wa mimba.

"Nimechelewa," wifi alisema.

"Umewahi," daktari akamjibu. "Ungengoja maumivu, ndiyo ungechelewa."

Walimtoa kizazi. Majibu ya baadaye yalikuwa mazuri, ingawa itabidi awe anarudi kuangaliwa. Kaka alilia waziwazi kwenye veranda ya hospitali na wala hakuomba radhi.

Wifi aliporudi kazini alikifumua kitambaa cha kahawia, tukakifanya cha kufutia mafuta ya cherehani. Kisha akajishonea sketi nyeupe. Nyeupe kabisa, ya kitambaa alichokuwa amemwekea bibi harusi mmoja aliyeghairi. Akaivaa, akaikalia asubuhi nzima, na kwa mara ya kwanza nikamwona ametulia kidogo.

Halafu akainuka. Hakwenda dirishani. Alisimama mbele ya meza yangu na kunigeuzia mgongo.

"Safi," nikamwambia.

"Angalia vizuri."

Nikaweka mkasi chini, nikaangalia vizuri.