Salamu za Fundi Cherehani

Jirani yangu, fundi cherehani, hucheza chesi ya harakaharaka kwenye simu, mguu ukiwa bado juu ya pedali. Siku zote huanza kwa kusogeza kete ndogo ya pembeni kabisa, ambayo hata mimi najua haimsaidii kitu, kisha humwandikia mpinzani, "Habari za kazi?" Hajibiwi. Jana alikuwa amebakiza hatua moja tu ashinde, mtandao wa mpinzani ukakatika. Akainua kidole gumba kutoka kwenye kioo cha simu, akangoja.

"Dada, si umalizie?"

"Nimfunge hayupo?"

Muda wa fundi ukaisha, simu ikasema ameshindwa. Mpinzani aliporudi aliandika, "Mjinga wewe."

"Afadhali, kumbe ni mzima," fundi akasema, akarudi kwenye pindo la gauni.