Waya Mwekundu Alioufunga Fundi Koleta

Ndungu nzima wanamwita Rudi-Rudi, na wala hachukii, amezoea. Fundi Koleta atatoka nyumbani, afike njia panda, arudi kuangalia kama amechomoa pasi. Atoke tena, halafu arudi kuangalia kama mlango aliufunga aliporudi kuangalia pasi. Jamani, mtu anachosha! Lakini ana miaka arobaini na mbili, ishirini kati ya hiyo ameimaliza kwenye umeme, na ana kovu moja tu mkononi. Wenzake wasiorudi-rudi wana makovu mangapi? Msiniulize mimi.

Jumamosi hiyo alikuwa anapanda milimani kwao Mhezi kwa pikipiki ya Prosper, kijana wa bodaboda. Mama yake, bibi Hedwiga, alikuwa ameshapiga simu mara tatu kuuliza kama safari hii atafika kweli. Kabla ya kuondoka alipitia kwenye mashine ya wakulima ya kukoboa mpunga. Mita inayoonyesha mota inakula umeme kiasi gani ilikuwa imeungua, akaitoa ili Jumatatu alete nyingine kutoka Same. Kazi ya nusu saa.

Sasa hapa pana jambo, na nitalieleza hata mkikunja uso. Mita ile haiungwi moja kwa moja na kebo kubwa. Kebo imevalishwa pete nyeusi, mafundi huiita siti, na pete hiyo ndiyo inayotoa nyaya mbili nyembamba za kwenda kwenye mita. Ukitoa mita ukaziacha nyaya hizo wazi huku mota inazunguka, umeme unakosa pa kupita na volti zinapanda mpaka maelfu. Anayegusa hapo haombi maji. Dawa yake ni kuziunganisha hizo nyaya mbili kwa kipande cha waya, yaani unapiga shoti kwa makusudi. Shoti hiyo hiyo inayounguza nyumba za watu kwingine kote, hapo ndiyo inayokulinda.

Koleta alizima mashine, akafungua kabati la umeme, akatoa mita, akaziunganisha nyaya mbili kwa kipande cha waya mwekundu, akakaza skrubu mbili, akawasha. Wakulima walikuwa wamekaa juu ya magunia wananung'unika, na Prosper huko nje anapiga honi. Akampungia mkono mzee Anderson, mwendesha mashine. "Nimemaliza, mzee!" Akarukia pikipiki.

Walikuwa wamepanda kama robo saa moyo ulipoanza kumsumbua. Koleta, acha, akajiambia. Skrubu umekaza? Nimekaza. Waya umeuvuta ukaona hautoki? Nimevuta. Basi tulia. Akatulia kona mbili, kisha akaanza tena kujigeuza kwenye kiti.

"Mama, usiniambie," Prosper akasema.

"Sijasema kitu."

"Juzi tulirudi kwa ajili ya pasi. Kumbe hata haikuwa imechomekwa."

"Nimesema sijasema kitu! Endesha."

Aliona aibu kwelikweli. Akaapa kwamba leo harudi, liwalo na liwe.

Kona iliyofuata ndipo alipokumbuka. Mwaka jana panya alikata waya kwenye kabati lile, ukaangukia skrubu mbili, ikapiga shoti, swichi ikateketea. Baada ya hapo ni yeye mwenyewe Koleta aliyemfundisha mzee Anderson, na bisibisi yenye mpini wa plastiki akampa. "Kila siku saa kumi fungua kabati utazame. Ukiona waya umeunganisha skrubu mbili, hiyo ni shoti inangoja kuwaka. Legeza, toa." Na mzee Anderson si mtu wa kusahau. Tangu siku hiyo, ikifika saa kumi anafungua kabati, wala mashine haizimi, kwa sababu ikizimwa na mpunga ndani inakwama.

Akatazama simu. Saa kumi kasoro dakika kumi na nane.

"Geuza."

"Mama, jamani…"

"Prosper, geuza, mtu anakufa!"

Prosper aliisikia sauti ile, akageuza. Koleta akampigia mzee Anderson simu mara sita, ikawa inaita tu, maana mzee huiacha kwenye koti ghalani. Alikuwa anaomba, na katikati ya kuomba anajitukana. Kipande cha boksi na kalamu, USIGUSE, ingemchukua dakika moja! Na zile kona alizozipita akiona aibu, nani alimtuma aone aibu?

Muungurumo wa mashine aliusikia tangu barabarani. Alipita mbio bila salamu, akiruka magunia. Kabati lilikuwa wazi. Mzee Anderson alikuwa ameinama, miwani imeshuka puani, bisibisi mkononi, ametoa ulimi kidogo kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Skrubu ya kwanza ilikuwa imeshalegea na waya mwekundu unacheza. Kuita asingesikika, na kumshika angemshtua. Koleta akaifuata swichi kuu ukutani, akaishusha.

Mashine ikajikokota, ikasimama, mpunga umekwama ndani. Wakulima wakapiga kelele.

"We Koleta!" Mzee Anderson aligeuka amefura. "Hata shikamoo hakuna, unazima tu? Huoni mpunga umekwama? Mimi niko hapa natoa shoti, sijui mjinga gani kaiacha!"

"Ni mimi, mzee. Niliifunga mimi."

"Wewe?"

Akamweleza kwamba waya ule ndio uliokuwa unamlinda, na angeutoa mota ikizunguka wangemtoa hapo amekufa.

Mzee akaweka bisibisi chini. Akatoa daftari kwenye mfuko wa shati, akalifungua kwenye ukurasa uliojaa vumbi la pumba, akampa. Maandishi yalikuwa makubwa, ya mtu anayeandika polepole: Waya ukiunganisha skrubu mbili ni adui. Toa. Amesema Fundi Koleta. Jina lake lilikuwa limepigiwa mistari miwili.

"Kwa hiyo ningekufa kwa kukutii," mzee akasema.

"Ndiyo, mzee."

Koleta akaomba kalamu, akainama kuongeza yale aliyoyaacha mwaka jana. Mzee Anderson akamnyang'anya kalamu taratibu, akaketi juu ya gunia, akapandisha miwani.

"Sema," akamwambia. "Ila leo sema yote."